Wanaliombea Goti Langu na Goti ni Zima

Mpendwa Shangazi Kaveke,

Naomba unisaidie, na kabla hujanikaripia naomba usome mpaka mwisho, kwa sababu mwanzo wa hadithi yangu ni mzuri, ni huko mbele ndiko nilikoharibu. Mimi ni kijana wa chuo kimoja cha ufundi hapa karibu na Emali, nasomea mambo ya umeme, lakini ukweli ni kwamba watu hawanijui kwa nyaya, wananijua kwa mpira, nacheza winga ya kushoto, na mwaka huu kwenye ligi ya vyuo nilicheza mpaka jamaa fulani wa klabu moja ya ligi kuu kule Nairobi akawa anakuja kunitazama, anasimama nyuma ya goli peke yake, haongei na mtu, halafu siku ligi ilipoisha akaniita kando akaniambia mwezi wa kwanza niende nipimwe na daktari wao, nikipita nitie sahihi. Shangazi, nilirudi hosteli nikakaa kwa kitanda nikashindwa hata kuvua viatu.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa Sahal, hata kabla ya mama. Sahal ndiye kipa wetu, babake ni mzee Abdille anayefanya biashara ya mifugo hapa Emali, na muhula wa kwanza nilipokosa nafasi ya hosteli ni Sahal aliyenikaribisha kwa kitanda chake, tukalala mzungu wa nne muhula mzima na hakuwahi kulalamika miguu yangu inanuka. Nilipomwambia habari ya Nairobi alinikumbatia akacheka mpaka akakohoa, akasema sasa na yeye atakuwa na mtu wa kuwaonyesha watu kwa televisheni.

Sasa sikia tatizo. Ligi ikiisha huwa kuna mechi moja ya ziada ambayo watu wa huku wanaiita Mechi ya Ng'ombe, timu bora ya vyuo vya Makueni inakutana na timu bora ya Kitui, mwaka huu ya Makueni ni sisi na inachezwa Ikutha Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, haina pointi, haipandishi timu, anayeshinda anapewa ng'ombe dume na anachinjwa hapo hapo, watu wote wanakula, wanafunzi, wazazi, wachuuzi, hata refa. Na ng'ombe wa mwaka huu ametolewa na mzee Abdille mwenyewe, kwa sababu Sahal anamaliza chuo na hii ndiyo mechi yake ya mwisho, baada ya hapo anaingia kwenye biashara ya babake, na hakuna klabu iliyowahi kuuliza hata jina lake.

Mimi sitaki kucheza hiyo mechi, Shangazi, na wewe ndiye mtu wa kwanza kumwambia. Uwanja wa Ikutha nimeuona, ni mgumu na una mawe, mbuzi wamepita katikati mpaka wameacha njia, na wale wa Kitui wakiwa wanacheza kwa ajili ya nyama hawana utani. Binamu yangu Musembi, ambaye alikuwa anajua mpira kuliko mimi, alikatika kano za goti kwenye mechi kama hiyo akiwa tayari ameitwa na timu ya Mombasa, na kati ya wote waliokula nyama siku ile hakuna aliyeenda kumwona hospitali, leo anaendesha bodaboda pale kwetu Salama na akitaka kushuka lazima ashike mguu kwa mkono auvute. Kila nikifunga viatu vya mpira namkumbuka yeye.

Utauliza basi kwa nini sikusema tu. Mwaka jana kulikuwa na mshambuliaji wa upande wa Kitui anaitwa Jonah, na yeye alikuwa ameahidiwa na klabu, akasema waziwazi hachezi, anachunga mguu wake. Walimpa jina la Bibi Arusi. Walimwimbia nje ya hosteli yake, dadake akawa anaulizwa sokoni harusi ni lini, na mpaka leo akienda kwao lile jina linafika kabla yake. Mimi sina roho ya Jonah.

Basi tukiwa mazoezini beki wetu akanigusa kidogo, hata haikuwa faulo, nikaanguka nikashika goti, nilikuwa nimepanga kusema tu linauma kidogo halafu nione mambo yatakavyokwenda. Lakini Sahal alitoka golini mbio akafika wa kwanza, akanibeba mgongoni mpaka kivulini, anahema, ananiambia, "Tulia ndugu yangu, tulia, usiliguse," na pale ningemwambia nini? Nilifunga macho nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli, kila mtu akadhani ni uchungu.

Tangu siku hiyo nachechemea. Kuna asubuhi nilisahau nikachechemea mguu ule mwingine na hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna anayenishuku. Sahal ananibebea ndoo ya maji ya kuoga kutoka kwa tangi mpaka bafuni kila asubuhi. Mamake, Mama Filsan, ananitumia maziwa ya ngamia kwa chupa, anasema yanashika mifupa, na mimi nayanywa. Na kochi wetu Ndolo, ambaye ametulea kama watoto wake, akampigia mama yangu simu kumpa pole.

Mama anauza maembe na machungwa kando ya barabara pale Salama na hana mtoto mwingine wa kiume. Akaambia kanisa. Pasta Gedion akatangaza, na kina mama wa maombi wakafunga Jumatano ya wiki iliyopita kwa ajili ya goti langu, jua la huku unalijua, mama akashinda kwa kibanda chake akiuzia watu matunda na yeye mwenyewe hajaweka hata maji mdomoni, jioni akanipigia sauti imekauka, akaniuliza, "Mwanangu, umesikia tofauti yoyote?" Nikamwambia, "Afadhali kidogo, mwaitu." Akaanza kumshukuru Mungu kwa Kikamba mpaka simu ikakatika. Sasa Jumapili hii wananingojea nisimame mbele nitoe ushuhuda.

Na jana ndipo mambo yaliharibika kabisa. Kochi Ndolo, kwa roho safi, alimpigia yule jamaa wa Nairobi kumwomba wasiniache, akamweleza kwamba goti liliumia lakini linapona. Jamaa akanipigia mimi, na hakuwa na ile sauti ya kwanza, akasema mwezi wa kwanza nije na picha za goti za hospitali, na kwamba kuna winga mwingine wanayemtazama. Nilidanganya ili nisipoteze hiyo nafasi, na sasa uongo wenyewe ndio unaipoteza.

Leo Sahal akiniwekea ndoo bafuni amesema, "Hata ukipona dakika za mwisho, ingia tu. Nataka hii ya mwisho tumalize pamoja." Nikamjibu inshallah, mimi ambaye nimekulia kwa kwaya, neno lilinitoka tu kwa kukosa lingine.

Naona njia tatu na hakuna hata moja inayopitika. Nikubali mbele ya kanisa kwamba nimepona, nicheze, kila mtu afurahi na mimi nicheze nikiogopa. Au niendelee kuchechemea mpaka mechi ipite halafu nipone polepole wakati wa Krismasi. Au niseme ukweli nimpoteze Sahal, kochi na kanisa, na mama ashindwe kuinua uso pale barabarani. Niambie nifanye nini. Na tafadhali usiandike jina langu, mama hanunui gazeti lakini hufungia wateja matunda kwa magazeti ya zamani, na huyasoma kwanza.

Winga wa Kushoto,
Emali

SHANGAZI KAVEKE ANAJIBU

Winga,

Tuanze na majina. Yote yaliyo kwenye barua yako nimeyabadilisha, kwa sababu wewe ulificha lako vizuri sana halafu ukaniandikia ya watu wengine wote, kuanzia pasta mpaka mbeba ndoo. Naona ndiyo tabia uliyoingia siku hizi, wewe unakaa kivulini na wengine wanashinda juani kwa niaba yako. Haya, hapo nimekuchapa kidogo. Sasa vuta kiti tuongee.

Kutotaka kucheza si kosa. Nitarudia, maana naona hakuna aliyekuambia: si kosa. Mguu ni wako. Ligi umeicheza yote, hukumwachia mwenzako kazi, kila mechi iliyokuwa na maana ulikuwepo. Hii ya Ikutha ni sherehe iliyowekewa magoli mawili. Na ningependa sana kuwauliza wanaoiandaa, kijana akivunjika pale uwanjani, gari la kumpeleka hospitali liko wapi, na nani atakaa naye nyama ikiisha? Binamu yako anajua jibu, na wewe unalijua kwa sababu unamwona akivuta mguu. Umeogopa kwa sababu umeona. Mimi siwezi kumcheka kijana kwa hilo. Ningekuwa mamako ningekushika shati usiende.

Hilo jina la Bibi Arusi nalo silipuuzi. Kuimbiwa nje ya dirisha ukiwa umejifunika blanketi kunauma, na wanaosema ni utani tu ni wale ambao hawajaimbiwa. Lakini yule kijana wa Kitui alisema la kwake, akaimbiwa, yakaisha hapo. Hakuna mama aliyeshinda njaa kwa sababu yake.

Kosa lako liko hapo. Ulikuwa na sababu nzuri ukaifunga bandeji. Ungesema, "Jamani, siwezi, naogopea mguu wangu," wangekasirika, na hasira yao ingekuwa halali yao, wangekaa nayo wiki moja mbili ikapoa. Badala yake umewanyima hiyo hasira ukawapa kazi ya kukuhurumia. Watu wanakuhurumia kwa mikono yao na kwa matumbo yao matupu, mwanangu, na wewe unajua. Ndiyo maana huna raha.

Sasa hizo njia zako. Ile ya kupona mbele ya kanisa, usithubutu. Usithubutu kuponywa Jumapili. Kina mama wale wataimba na kurukaruka kwa muujiza ambao haukuwepo, na hutaweza kuwasahau. Halafu siku moja mmoja wao ataumwa goti la kweli, lile la uzee, lisilokunjika, atakuja kwako kwa unyenyekevu akuulize uliomba vipi likapona haraka hivyo. Utamwambia nini?

Ya kuchechemea mpaka Krismasi nayo imekufa jana ulipopigiwa simu. Wanataka picha, na picha zitatoka safi. Daktari wa klabu akiona goti lisilo na alama yoyote ya kuumia, hatasema ni maombi, atasema kijana hasemi ukweli kuhusu mwili wake. Na mchezaji ambaye akisema anaumwa hawajui kama anaumwa, huyo hawamtaki hata akiwa na mbio namna gani. Kwa hivyo hata ungekuwa huna dhamiri, bado ingekubidi useme. Bahati yako dhamiri unayo, la sivyo ungeendelea kunywa maziwa ya watu na hungeniandikia.

Basi utasema. Barua yako nimeipitisha mbele ya zote zilizokuwa zinangoja, gazeti hili ni la Ijumaa, kwa hivyo usiniambie umechelewa kusoma.

Utaanza na Sahal. Najua ungependa kuanza na pasta kwa sababu pasta ni kazi yake kusamehe. Hapana, Sahal, na kabla hajabeba ndoo nyingine. Kesho amka mapema umtangulie, nenda kwa tangi ujaze maji yako mwenyewe, utembee na miguu yote miwili sawasawa, akuone. Usimtumie ujumbe wala sauti ya kwenye simu, mwambie mkiwa mmetazamana. Mwambie goti ni zima na lilikuwa zima hata alipokuwa amekubeba mgongoni. Mwambie uliogopa kuumia, ukaogopa zaidi kumwambia kwamba mechi yake ya mwisho hutaicheza. Na habari ya binamu yako usiianze wewe mpaka aulize. Ukitanguliza huyo ndugu aliyevunjika, utamlazimisha akuhurumie tena, na huyo kijana amebeba vya kutosha.

Ukitoka hapo nenda kwa kochi, siku hiyo hiyo, usilale na hilo neno. Mwombe apige simu Nairobi ukiwa umekaa mbele yake na spika iko wazi, halafu uongee wewe. Sema hukuumia, sema uliamua kutocheza mechi ya ziada ili ufike kwao ukiwa mzima, na kwamba ulikosa ujasiri wa kulisema. Anaweza kukuacha, sitakudanganya na mimi. Lakini watu wa mpira mambo haya wameyaona. Wachezaji walio karibu kutia sahihi hukwepa mechi za namna hii kila mahali siku hizi, na pengine ungemuuliza yeye mwenyewe angekuambia usiguse uwanja wa Ikutha. Kukataa mechi ataelewa. Kusubiri mpaka daktari wake ndiye agundue, hilo hataelewa, na hata mimi singeelewa.

Jumamosi hiyo hiyo panda gari uende Salama. Mama yako usimwambie kwa simu. Kaa naye kwa kibanda, msaidie kupanga machungwa, na wateja wakipungua umwambie. Atalia, au atachukua kifimbo cha kufukuzia mbuzi akutandike nacho hapo barabarani magari yakipita. Kubali chochote kati ya hivyo. Halafu mwombe yeye ndiye akupeleke kwa pasta jioni hiyo, ili Jumapili isimkute hajui la kusema. Na kama utaambiwa usimame mbele, simama uwaambie kina mama kwamba goti waliloliombea halikuwa na ugonjwa, ugonjwa ulikuwa mdomoni, na unawaomba msamaha. Usiwaambie walifunga bure. Walifunga mbele za Mungu, hawakufunga mbele ya goti lako, na hayo ni kati yao na Yeye.

Wazazi wa Sahal nao usiwakwepe. Osha chupa za yule mama, zirudishe mwenyewe, umwambie maziwa yake yalikuwa yananywewa na mtu mzima kabisa. Mzee msalimie, umweleze kwa maneno machache, na akikuuliza swali ulijibu. Mzee aliyezoea kununua ng'ombe hadanganyiki kuhusu miguu, huenda ameshakutazama ukitembea akanyamaza kwa heshima ya mwanawe.

Siku ya mechi ikifika, nenda Ikutha. Usibaki hosteli ukijifanya unasoma. Vaa trakisuti ya timu, beba mipira, beba maji ya wenzako, kaa kwa benchi. Wakikuimbia, waache waimbe mpaka koo ziwaume. Nyama ukipewa kula, ukinyimwa usinung'unike.

Na kutakuwa na mtu wa kukuambia, "Cheza tu, ndiyo njia ya kusafisha jina." Pengine atakuwa kochi, pengine atakuwa moyo wako mwenyewe. Kataa. Mchezaji anayecheza ili asamehewe hukimbilia mipira ambayo siku nyingine angeiacha, anaingiza mguu mahali ambapo angeutoa, na hivyo ndivyo goti zima linavyovunjika. Uamuzi wako wa kwanza ulikuwa sawa, ushike huo.

Mwisho, najua unasoma hapa ukitafuta mahali nitakapoandika kwamba Sahal atakusamehe. Sijui. Aliacha goli lake wazi akakukimbilia, na ulimwacha akubebe. Ana haki ya kukasirika mpaka Krismasi ipite na mwaka mpya uingie. Huenda akakufokea hosteli nzima isikie. Huenda akanyamaza tu, ukatamani angefoka. Usijitetee, na usitume mtu wa kukuombea. Magoti yako yote mawili ni mazima, kwa hivyo simama hapo mbele yake mpaka amalize.